Resini Iliyokwenda Gondal

Subodhchandra Vakhariya hakuhongwa. Hilo na litangulie mengine yote. Wapo watu hapa Bharuch, nchini India, baadhi yao waliwahi kula nyumbani kwake na kuondoka na kifurushi, wanaosimulia kwamba alipitisha resini mbovu kwa ajili ya boksi la vitamu vya ladu, kwamba kiwanda kilimfukuza, na kwamba posa ya binti yake ilivunjika kwa aibu ya wizi. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Lililokuwepo ni boksi la ladu. Rushwa haikuwepo. Kufukuzwa hakukuwepo. Posa ilivunjwa na watu wa Surat waliotaka mkwe mwenye cheo, wakaona cheo kimeondoka. Kosa lake lilikuwa jingine, na kwa kuwa porojo zimelifunika, litasimuliwa hapa kama lilivyokuwa.

Alikuwa mpimaji katika maabara ya kiwanda cha resini nje ya mji, kazi aliyoianza nywele zake zikiwa nyeusi. Resini ile ni unga mweupe, laini kama sembe, nao huyeyushwa ukawa mabomba ya maji. Kwa macho, unga mzuri na mbaya ni mapacha. Tofauti imo ndani, kwenye molekuli, ambazo ni kama minyororo. Iliyo mirefu hushikana ikafanya bomba linalostahimili msukumo wa maji. Iliyo mifupi hufanya bomba linalopasuka kama ganda la yai.

Hakuna mizani ya kuwekea molekuli juu yake. Subodhbhai, kama wote walivyomwita, aliupima uzito wake kwa njia ya kuzunguka. Aliuyeyusha unga kidogo katika kiyeyushi chenye harufu kali, akakichuja, akakimimina katika mrija wa kioo wenye tundu jembamba kama unywele, akautumbukiza mrija katika beseni la kioo lililojaa maji ya joto lisilobadilika. Kisha alitazama, saa ya kupimia mbio mkononi, kioevu kikishuka kutoka alama ya juu hadi alama ya chini. Minyororo mirefu hukifanya kioevu kijivute kama mchuzi wa bamia. Mifupi hukiacha kikakimbia. Muda huo ukilinganishwa na muda wa kiyeyushi kitupu, hutoka namba, na namba ndiyo huamua kama unga utakwenda kuwa bomba au utauzwa kwa watengeneza viatu vya bei ya chini.

Roho ya kazi yote ni joto la maji. Yakipoa kidogo tu, hata kioevu chenye minyororo mifupi hujivuta, na namba hudanganya. Kwa hiyo beseni lilikuwa na koili ya kupoza upande wa chini, hita upande wa juu, na kikorogeo kilichozunguka bila kupumzika ili maji ya juu na ya chini yawe kitu kimoja. "Kikorogeo kikisimama kwa sababu yoyote," Subodhbhai aliwafundisha wageni wa maabara, "ngojeni maji yakae sawa, pimeni upya kiyeyushi kitupu, ndipo mguse resini." Kwa hilo walimwita Bwana Upya. Daktari Pathak, mkuu wa maabara, aliwaambia wageni wa kiwanda, "Huyu ameoa mara moja tu kwa sababu baba mkwe alimkatalia kurudia kipimo." Subodhbhai alicheka pamoja nao. Kuaminiwa kulimpendeza kuliko chakula.

Mwaka huo mfungo wa Wajaini, watu wa dini yake isiyodhuru kiumbe chochote, ulikuja mvua zikiwa bado nzito. Alifunga siku zote nane kwa maji ya kuchemsha peke yake, na hayo aliyanywa kabla jua halijatua. Katika siku hizo Mjaini wa kweli hutazama hata ufagio wake, asije akafagia uhai wa sisimizi.

Jioni ya kuamkia siku ya mwisho ya mfungo, tangi moja la kupikia resini lilipanda joto kupita kiasi. Kila mtu kiwandani alijua maana yake: minyororo huenda ikatoka mifupi. Jayubha, msimamizi wa matangi, Mrajputi wa ukoo wa askari, mwenye masharubu na sauti ya kuswagia ng'ombe, alipiga simu maabara.

"Subodhbhai, usituue huku."

"Mimi siui hata mbu, Jayubha."

"Basi tuhesabu sisi mbu. Lori la mteja wa Gondal linangoja getini, dereva anatukana hadi mababu."

Madirisha ya maabara yalikuwa wazi kwa sababu ya harufu ya kiyeyushi. Nyuma ya beseni iliwaka taa, ili mpimaji aone kioevu kikipita alama. Giza lilipoingia, kumbikumbi wakaiona taa. Waliingia kwa mamia. Waligonga kioo, wakaanguka majini, na kikorogeo kikawavuta mmoja mmoja na kuwakata. Mabawa yakaanza kuzunguka ndani ya beseni kama makapi.

Mtu mwingine angefunga dirisha, akachota uchafu, akaendelea. Subodhbhai alizima kikorogeo. Alizima na taa. Kwa kipande cha karatasi ya kuchujia aliwaokota walio hai na kuwalaza kwenye ubao wa dirisha wakauke. Kazi hiyo ilichukua muda. Wakati huo wote koili iliendelea kupoza, na maji ya baridi, kwa kukosa wa kuyakoroga, yakatuama chini, palepale mrija ulipokuwa. Kipimajoto kilichoning'inia juu kilionyesha kwamba mambo ni shwari.

Alipima kwa tochi ya mkononi, kikorogeo kikiwa kimezimwa, kumbikumbi wengine wasije wakavutwa. Namba ilitoka nzuri. Akarudia, ikatoka ileile. Ya tatu ikakubaliana na mbili. Lakini mashahidi watatu waliokaa chumba kimoja na mwongo mmoja watasema uongo mmoja. Sheria yake mwenyewe ilibisha hodi akilini mwake. Aliisikia, na akaiambia ingoje. Alichoka, alisikia kizunguzungu, na moyoni alikuwa na raha ya mtu aliyetenda wema. Akatia sahihi cheti.

Jayubha aliposikia, alipiga kelele ya furaha iliyosikika bila simu, akaleta ladu kwa mikono yake. Subodhbhai hakuweza kula. Akalibeba boksi nyumbani kwa ajili ya watoto, na majirani wakaona boksi. Macho yao yaliishia hapo.

Siku ya nane ndiyo siku ya kuombana radhi. Mjaini humwendea kila mtu, ndugu na adui, akasema michhami dukkadam: kama nimekukosea kwa moyo, kwa neno au kwa tendo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Asiyemfikia siku hiyo humwambia kesho yake. Hakuna anayetaja kosa. Ni maneno ya jumla, kama mvua isiyochagua paa.

Kesho yake Subodhbhai alirudi kazini, tumbo likiwa na uji wa kwanza wa kufungulia. Ile sheria aliyoiambia ingoje ilikuwa imekwisha kuketi kitini inamsubiri. Kila resini inayotoka kiwandani huacha sampuli katika chupa. Aliifungua chupa ya Gondal, akakoroga maji ipasavyo, akapima kiyeyushi kitupu, akapima resini. Kioevu kikakimbia. Hakikushuka, kilikimbia. Minyororo ilikuwa mifupi, wala si ya kubishania.

Saa ilikuwa bado mkononi mwake simu ilipolia. Alikuwa Thakarshibhai Bhalodiya, mwenye karakana ya mabomba huko Gondal, mteja wa miaka mingi, mtu wa kucheka.

"Bwana Upya! Mzigo umefika, shwari kabisa. Sijafungua mfuko hata mmoja, kesho tunawasha mashine. Nimekupigia kushukuru tu. Nina mabomba ya vijiji vinane ya kutoa kabla ya kiangazi."

Neno moja lingetosha. Usifungue. Subodhbhai alifumbua kinywa kulisema, na kilichotoka kilikuwa maneno ya siku ile.

"Thakarshibhai, kama nimekukosea kwa moyo, kwa neno au kwa tendo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

"Aa, msimu wenu umefika!" Thakarshibhai alicheka. Hakuwa Mjaini, lakini mteja mzuri hujua sikukuu za wenzake. "Nimekusamehe ndugu yangu, ya mbele na ya nyuma, yaliyopita na utakayofanya. Umeridhika?"

"Nimeridhika," alisema Subodhbhai.

Simu ikakatika, na neno lile lingine halikusemwa. Alijiambia kwamba huenda Thakarshibhai angechanganya unga ule na mwingine. Alijiambia kwamba kuita mzigo urudi kungemfedhehesha Daktari Pathak. Na chini ya hayo yote, alijiambia kwamba amekwisha kusamehewa. Wezi huiba fedha na ng'ombe. Yeye aliiba msamaha, tena mchana, kwa maneno matakatifu.

Kiangazi kilipofika, maji yakafunguliwa katika mabomba mapya ya vijiji vya Kathiawad, upande wa Gondal, na mabomba yakapasuka. Hayakupasuka mahali pamoja ambapo mtu angelaumu jiwe. Yalipasuka kijiji hadi kijiji. Wanawake walioahidiwa bomba mlangoni wakarudia njia ya kisimani na mitungi yao. Mhandisi wa maji akauliza nani ametengeneza, akaambiwa Bhalodiya. Huko kila mtu anajua ujanja wa mtengeneza bomba mwenye tamaa: huongeza chaki kwenye resini ili mfuko mmoja uzae mabomba mengi. Cheti cha resini kilikuwa safi. Basi makosa ni ya chaki. Katika uwanja wa kijiji, mbele ya watu, Thakarshibhai aliitwa Thakarshi Chaki, na jina likamganda.

Alikuja Bharuch na vipande vya bomba amevifunga katika shuka. Hakuwa akicheka.

"Vichomeni," alimwambia Daktari Pathak. "Chaki haiungui. Kama nimetia chaki mtaiona kwenye majivu."

Walivichoma. Majivu yalikuwa kiduchu.

"Vipande hivi umevichagua mwenyewe, bwana," alisema Daktari Pathak, si kwa ubaya. "Mhandisi hatavikubali. Na resini yetu ilipimwa na Subodhbhai. Ukimtilia shaka huyu, litilie shaka na jua."

Thakarshibhai akamgeukia mpimaji. "Wewe sikutilii shaka, ndugu. Nakuomba tu ufikirie. Nimekosea wapi? Mashine? Joto? Niambie, nitalikubali."

Subodhbhai alitazama vipande vile mezani. "Nitafikiria," alisema.

Usiku huo hakula, ingawa haukuwa mfungo. Asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, alimweleza mkewe yote. Nirupaben alikuwa na shahada ya sheria kutoka Ahmedabad, na nyumba ile aliishika kama mtu ashikavyo taa penye upepo.

"Alisema amekusamehe?" aliuliza.

"Alisema."

"Kwa kujua na kwa kutojua?"

"Ndivyo nilivyoomba."

"Basi kesi imekwisha, Baba Bhavita. Hukumu haifunguliwi mara mbili."

"Hakujua alichokuwa anasamehe."

"Na nani hujua? Mimi humsamehe dada yako kila mwaka, na sijawahi kumuuliza ni kwa lipi. Ningeuliza, tungekuwa hatusemezani." Akamimina chai. "Watu wa Surat wanakuja kuthibitisha posa ya Bhavita. Wakute nini mlangoni? Mhandisi wa maji?"

Subodhbhai alinyamaza, kwa ajili ya binti yake na kwa sababu kunyamaza ni rahisi. Lakini tangu siku hiyo mkono wake uliharibika. Alipima mara tano, mara saba. Kila kioevu kilichoshuka polepole alikishuku. Wenzake walidhani uzee. Mvua zikaja, mfungo ukaja, akafunga tena, na siku ya kuombana radhi ilipofika alikwenda hekaluni, akakaa na wenzake, na maneno yakamkwama. Watu walimwomba radhi, naye aliwajibu kwa kichwa tu.

Kesho yake alitafuta viatu.

"Unakwenda Gondal," alisema Nirupaben. Hakuwa akiuliza.

"Nimemwambia Pathak jana. Alinisihi niseme beseni liliharibika. Nimemwambia beseni lilikuwa zima."

Nirupaben alikwenda kabatini. Akatoa shati la mumewe, akaliweka mezani, akawasha pasi.

"Kama ni kwenda, nenda na shati lililonyooshwa. Mtu wa nyumba hii haendi kukiri akiwa amekunjamana kama mwizi."

Akamfungia na chapati za uwatu za njiani.

Karakana ya Thakarshibhai ilikuwa kimya, mashine imefunikwa turubai. Mwenyewe alikuwa barazani akipepeta karanga; ndiyo biashara aliyokuwa amebakiwa nayo.

"Mjaini wangu!" alisema. "Mwaka huu umekuja kwa miguu? Haya, nimekusamehe, keti unywe chai."

"Sikuja kuomba," alisema Subodhbhai akiwa amesimama. "Nimekuja kukurudishia ule msamaha wa mwaka jana. Niliuchukua kwa hila. Resini yako ilikuwa mbovu, mimi niliipima vibaya, na ulipopiga simu nilikuwa nimekwisha kujua."

Ungo wa karanga ulitulia.

"Siku ile sikuwa nimefungua mfuko," alisema Thakarshibhai taratibu. "Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Na wewe ulijua."

"Nilikuwa na saa mkononi."

Thakarshibhai aliuweka ungo chini. Hakupaza sauti. "Mwanangu wa kiume amehamia kwa wajomba zake kwa sababu shuleni wanamrushia chaki. Haya. Msamaha wangu nimeupokea, umerudi kwangu. Sasa nataka na jina langu. Na hilo hulirudishi hapa barazani, tukiwa wawili. Nilivuliwa uwanjani, utanivika palepale."

Walikwenda. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha watu, mhandisi akaja kwa gari, wanawake wakasimama na mitungi kiunoni. Subodhbhai alisema kwa sauti iliyofika nyuma: bomba halikuwa na chaki, minyororo ya resini ilikuwa mifupi, cheti kilikuwa cha uongo, na sahihi iliyokuwepo ni yake.

"Ulilipwa na nani?" aliuliza mhandisi.

"Sikulipwa. Nilizima kikorogeo ili kumbikumbi wasife, maji yakapoa chini, nami sikungoja."

Kwanza walidhani hawakusikia vizuri. Kisha uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu walishikana mabega. Bibi mmoja alitua mtungi wake chini, akasogea mpaka mbele yake.

"Mungu akuzidishie umri, baba, wewe na kumbikumbi wako," alisema. "Lakini miguu yangu hii imekwenda kisimani kiangazi kizima. Mimi sikuwa mdudu wa kutosha?"

Kicheko kikaongezeka. Subodhbhai aliinama, akagusa miguu ya bibi yule kwa heshima. Thakarshibhai peke yake hakucheka.

Kazi ilimrudia Thakarshibhai, na jina la Chaki likafa kadiri majina hayo yanavyoweza kufa. Kiwanda kilimhamishia Subodhbhai ghala la mifuko mitupu, na huko alikaa mpaka kustaafu kwake. Ndiko huko kunakoitwa kufukuzwa. Watu wa Surat walirudisha nazi ya posa. Bhavita aliolewa baadaye Bhavnagar, katika nyumba bora kuliko ile, na wanaotaka kujua wanaweza kwenda kuuliza.

Kila mwaka, siku ya kuombana radhi, Subodhbhai alipiga simu Gondal. Hakutumia tena maneno ya jumla. Alilitaja kosa lake kwa jina, na siku, na simu, na mfuko ambao haukuwa umefunguliwa. Thakarshibhai alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bado." Kisha waliulizana hali za watoto na bei ya karanga. Mwaka uliofuata tena, bado. Mkewe alimwambia mara moja kwamba mtu yule anamtesa. "Hapana," alisema Subodhbhai. "Anapima. Mwache apime." Subodhbhai alifariki mvua zilipoanza, kabla ya mfungo, kabla ya simu ya mwaka huo.

Siku ya matanga, wageni wakiwa wamekaa na nguo nyeupe, Thakarshibhai aliingia. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, na fimbo. Aliketi nyuma na wanaume. Watu walipoanza kuondoka alikuja mbele ya picha ya marehemu, akasimama, kisha akamwinamia mjane na kumwambia maneno machache. Waliokuwa karibu waliona midomo ikitikisika, hawakusikia kitu. Tangu siku hiyo mtaa haujapata usingizi. Alimsamehe? Hakumsamehe? Wanaleta maswali pamoja na vyombo vya watu walivyoazima.

Subodhchandra Vakhariya alilitaja kosa lake mbele ya kijiji kizima, na kila mwenye masikio amekwisha kulisikia. Alichojibiwa ni cha nyumba yake. Hakitasemwa leo, hakitasemwa kesho, na anayekuja kukiuliza atapewa maji ya kunywa na kuonyeshwa mlango.